Tanga Lilikwisha Kuanuliwa

Banda la video la mjomba wangu, pale Tukuyu, liliezekwa kwa bati jepesi lisilo na dari, na kwa kuwa mji ule ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, kulikuwa na majira mazima ambayo filamu tulizitazama bila kuzisikia. Mvua ilipoanza, sauti ya televisheni ilizama, na pamoja nayo ikazama sauti ya mtafsiri, maana kanda nyingi zilizotufikia wakati ule zilikuwa zimeingizwa Kiswahili na watafsiri wa Dar es Salaam, Lufufu akiwa miongoni mwao, watu waliosimulia picha kama mtu anayesimulia habari za majirani zake. Hakuna aliyedai arudishiwe shilingi zake hamsini. Tuliendelea kukaa kwenye mabenchi, mikono ndani ya masweta, tukiisoma hadithi kwenye nyuso za watu.

Ndivyo nilivyoitazama Terminator ya pili, ile iliyotoka 1991. Mashine iliyoigizwa na Arnold Schwarzenegger ilipokuwa ikishushwa kwenye chuma kilichoyeyuka, bati lilikuwa linapigwa kwa nguvu kiasi kwamba hakuna neno hata moja lililosikika, na tulichokiona ni mtoto anayelia na ule mkono unaozama polepole, kidole gumba kikiwa kimeinuliwa. Mjomba alikuwa ameiona picha hiyo mara nyingi kuliko sisi sote tukijumlishwa, lakini alivua kofia yake ya sufu akaishika mapajani. Kijana mmoja aliyekaa mbele yangu akapaza sauti ili ashinde mvua, akasema kwamba steringi hafi, tungoje sehemu ya tatu tutamwona. Mjomba akamjibu, "Huyu amekufa, mwanangu. Ameshaagana na watu."

Nimekuwa mpenzi wa filamu za mwendelezo maisha yangu yote, na sitaki nionekane kama mtu anayezidharau. Wako wasomaji wanaoamini kwamba kila filamu yenye namba mbili mwishoni mwa jina ni tamaa ya fedha iliyovishwa picha, nami sikubaliani nao, kwa kuwa baadhi ya saa nzuri kabisa nilizowahi kukaa mbele ya skrini zilikuwa za sehemu ya pili, ya tatu na hata ya saba. Ninachokipinga ni kitu kimoja tu, na kwa miaka hii ya karibuni kimezidi kuwa kawaida: kumfufua mhusika ambaye hadithi yenyewe ilimuua mbele ya macho yetu, ikatuonyesha watu wake wakimlilia, ikatuacha nasi tumlilie, kisha miaka michache baadaye ikamrudisha akitembea kana kwamba machozi yetu yalikuwa kosa la hesabu.

Kanuni ya kwamba steringi hafi haikuanzia kwenye mabanda yetu. Riwaya ya First Blood ya David Morrell, iliyochapishwa 1972, inamalizika kwa kifo cha Rambo, na hata filamu ya 1982 ilipigwa picha ikiwa na mwisho ambao askari huyo anakufa. Watazamaji wa majaribio walipoonyeshwa mwisho huo hawakuupenda, ukabadilishwa, na kutokana na uamuzi huo zikazaliwa filamu nyingine nne, ya mwisho ikiwa ya 2019. Rambo akawa mkubwa kiasi kwamba hapa kwetu jina lake lilihamia kwenye mfuko wa plastiki. Mama zetu walitutuma sokoni na mfuko wa rambo bila kuwaza kwamba ni jina la mtu, na mfuko huo ukapigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, miezi michache tu kabla ya filamu yake ya mwisho kutoka. Nilipokuwa mtoto niliipenda zaidi ile ya 1985, ya mishale yenye baruti. Leo ninairudia ile ya kwanza peke yake, kwa sababu ndani yake kuna mtu aliyetoka vitani akiwa amevunjika na mji mdogo usiotaka hata kumwona akipita barabarani, na risasi zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo. Hata hivyo simlaumu aliyebadilisha ule mwisho. Alimwacha hai mtu ambaye watazamaji hawakuwa wamemzika. Kumfukua aliyezikwa ni jambo lingine kabisa.

Hapo ndipo linapoingia suala la Prison Break, ambalo naomba nilieleze kwa kirefu, kwa sababu hakuna tamthilia ya kigeni iliyoingia majumbani mwetu kama hiyo.

Mwaka 2009 nilikuwa nimepanga chumba Mwanjelwa, jijini Mbeya. Tamthilia ilikuwa imeanza kuonyeshwa Marekani Agosti 2005, lakini sisi tuliipata kwenye diski za kichina ambamo msimu mzima ulibanwa ndani ya diski moja, picha ikawa na ukungu, na gari likipita kwa kasi liligeuka kuwa vijiboksi vinavyotetemeka. Hatukujali. Televisheni yangu ilikuwa ya chogo, ya inchi kumi na nne, na jioni za Juni na Julai, baridi ilipokuwa imeshika hasa, wapangaji wenzangu walileta mablanketi yao na jiko la mkaa likawekwa mlangoni ili moshi utoke. Miongoni mwetu alikuwepo dada mmoja aliyeuza mitumba sokoni, ambaye Kiingereza hakukifahamu sana, lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kung'amua mipango ya Michael Scofield, kijana aliyejiingiza gerezani ili amtoroshe kaka yake Lincoln, maana alitazama mikono ya Michael badala ya kusoma maneno ya chini.

Tulikuwa tumeshaonywa mapema, ingawa hatukulielewa onyo. Katika msimu wa tatu, ule uliokatishwa kwenye vipindi 13 kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2007, Lincoln alionyeshwa kichwa cha daktari Sara, mpenzi wa Michael, ndani ya boksi, tukasikitika sana, kisha katika msimu wa nne Sara akarudi akiwa mzima na tukaelezwa kwamba kichwa kile hakikuwa chake. Tulifurahi mno kiasi cha kutokuuliza maswali. Lakini mwisho wa msimu wa nne ulipofika, tukaoneshwa kaburi la Michael, ndugu yake na rafiki zake wamesimama pale, na mtoto wake mdogo akiwa nao. Na katika filamu iliyofuata tukaona kwa macho yetu jinsi alivyoufungua mlango kwa umeme uliomuua ili mke wake mjamzito atoke gerezani, mtu ambaye tayari ugonjwa wa ubongo ulikuwa umempa siku chache. Kifo kile kilikuwa na maana. Kijana aliyeingia gerezani kwa hiari ili amtoe kaka yake alimaliza kwa kubaki gerezani ili mke na mtoto watoke, na kwa vipindi 81 vya mikimbizano, uongo na bahati zisizoaminika, mwisho huo uliniridhisha kabisa.

Asubuhi yake yule dada wa mitumba alinikuta bombani akaniambia pole, nami nikaitikia kwamba nimeshapoa. Hatukuwa tunataniana. Tulikuwa tumekaa matanga usiku kucha na asubuhi ile tanga lilianuliwa.

Mwaka 2017 tamthilia ilirudishwa kwa vipindi tisa, na Michael akapatikana hai katika gereza la Sana'a, Yemen. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kifo chake kilipangwa kwa makubaliano na afisa mmoja wa ujasusi, na afisa huyohuyo ndiye aliyekuja kumuoa Sara. Wengi waliokosoa waliukosoa ugumu wa kuamini mambo hayo, lakini mimi hoja hiyo sikuijali, kwa kuwa tamthilia yenyewe ilijengwa tangu siku ya kwanza juu ya mambo magumu kuamini, na tuliipenda hivyohivyo. Kilichoniumiza ni kilichofanyiwa msiba. Mwanamke yule alizika, akalia, akakubali, akamlea mtoto, akaolewa upya, kisha hadithi ikamwambia kwamba kila hatua aliyoichukua kwa ujasiri mkubwa ilikuwa sehemu ya ulaghai. Mtoto aliyekua akijua baba yake ni jina lililoandikwa kwenye jiwe aliambiwa jiwe lile halikuwa na mtu chini yake. Watu wazima wanaojua maana ya kurudi makaburini kila mwaka kupalilia hawawezi kutendewa hivyo kwa ajili ya vipindi tisa.

Nakiri kwamba nilivitazama vyote tisa, na pale ndugu wawili walipoonana kupitia nyavu za gereza nilishindwa kuzuia machozi, maana Wentworth Miller na Dominic Purcell wanajua kuwa ndugu kuliko waigizaji wengi ninaowafahamu. Ndiyo maana jambo hili linanigusa. Waliorudisha tamthilia walijua tungetazama kwa mapenzi, wakayatumia mapenzi hayo. Nilipompigia simu yule dada, ambaye sasa ana duka lake la nguo Tunduma, kumuuliza kama ameanza kutazama, aliniambia hana haja, kwa sababu yeye Michael alikwisha kumzika.

Ukishaanza kuwahesabu waliofufuliwa, orodha inatisha. Katika filamu za Fast & Furious, Letty alikufa 2009 akarudi, Han alikufa akarudi 2021, Gisele akaanguka kutoka kwenye ndege 2013 na akatokea tena mwishoni mwa filamu ya 2023. Katika tamthilia ya 24, Tony Almeida aliuawa msimu wa tano akarudi msimu wa saba. Katika Star Wars, mfalme mwovu aliyetupwa shimoni na Darth Vader 1983, katika tukio lililokuwa kilele cha filamu tatu, alirudishwa 2019 kwa maelezo yasiyozidi sentensi chache, na kwa kufanya hivyo kafara ya Darth Vader, aliyekufa ili kumwokoa mwanawe, ikapunguziwa thamani yake. Ninawaheshimu wanaopenda filamu hizo, lakini juu ya hili la mwisho sitabadilisha maoni.

Sababu ya haya yote haijifichi. Disney iliinunua kampuni iliyotengeneza Star Wars mwaka 2012 kwa dola zipatazo bilioni nne, na mtu aliyetoa fedha kama hizo amenunua majina kabla hata hajaandikiwa hadithi. Jina linalofahamika linajaza kumbi kuanzia Los Angeles hadi Lagos bila kujieleza, wakati mhusika mpya inabidi ajieleze kwanza, apate watu wa kumpenda, na huenda asiwapate. Kwa mwenye mtaji, kifo cha mhusika maarufu ni hasara inayoweza kurekebishwa. Hapa kwetu tumekuwa na tatizo la namna nyingine, la filamu za Bongo za enzi za diski, ambapo hadithi moja ilikatwa katikati kama muwa ikauzwa kuwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na mnunuzi akalazimika kulipa mara mbili ili ajue nani amemuua nani. Lilikuwa jambo la kuudhi, lakini angalau aliyekufa sehemu ya kwanza mara nyingi alibaki amekufa sehemu ya pili.

Sasa niseme kuhusu zile ninazozipenda.

Filamu ya kwanza ya Rocky, yule bondia, ilitoka 1976. Apollo Creed, aliyekuwa mpinzani wa Rocky na kisha rafiki yake, alikufa ulingoni katika sehemu ya nne, ya 1985, na hakuna aliyemrudisha. Adrian, mke wa Rocky, anafahamika kuwa amefariki kwa saratani tunapokutana na mumewe tena katika filamu ya 2006, na yeye pia hakurudishwa. Mwaka 2015 mwongozaji kijana, Ryan Coogler, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka thelathini, akatengeneza Creed, filamu ya saba katika mfululizo huo, na msingi wake ni vifo hivyo viwili. Amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia kutokana na baba yake mzazi, mpenzi mkubwa wa Rocky, alipoanza kuugua, na nadhani ndiyo maana filamu yote ina adabu ya mtu aliyewahi kumwona mzazi wake akidhoofika. Kijana wa Apollo anamtafuta mtu aliyemjua baba yake. Mzee anamfundisha. Kisha mzee anaambiwa ana saratani na anakataa matibabu, kwa kuwa aliyaona matibabu hayohayo yakimtesa mke wake yasimwokoe.

Kuna tukio moja dogo ambalo kwangu linazidi mapigano yote ya mfululizo huo. Rocky anafika makaburini, anachukua kiti cha kukunja alichokihifadhi kwenye mti, anakiweka mbele ya kaburi la Adrian na la kaka yake Adrian, anaketi, anafungua gazeti na kuanza kuwasomea. Halii. Amezoea. Kiti chenyewe, kwa kuwa kinaishi pale mtini, kinatuambia kwamba mzee huyu huja mara nyingi na kwamba walinzi wa makaburi wanamfahamu.

Filamu hiyo niliitazama Tukuyu na mama yangu mwanzoni mwa 2016, kwenye kompyuta yangu mpakato iliyowekwa juu ya meza ya kulia chakula. Mjomba, kaka yake mama, mwenye banda, tulikuwa tumemzika miaka mitatu kabla ya hapo, na kwa kuwa kwetu Rungwe bado wengi wetu tunazika nyumbani, kaburi lake liko upande wa pili wa migomba, hatua chache kutoka dirisha la jikoni. Nilikuwa ninamtafsiria mama kama kanda za zamani zilivyotutafsiria sisi, nikiongeza maneno pale nilipoona yanahitajika. Tulipofika kwenye tukio la kiti sikutafsiri kitu. Mama akauliza, "Huyo baba amekaa kwa nani?" Nikamwambia amekaa kwa mkewe na shemeji yake. Akatazama hadi mwisho wa tukio, kisha akaniomba nirudishe nyuma alione tena.

Coogler huyohuyo alipewa mtihani mgumu zaidi alipofariki Chadwick Boseman, tarehe 28 Agosti 2020, mwigizaji wa Black Panther, yaani T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, aliyeitangaza nchi hiyo duniani kote mwaka 2018. Ingekuwa rahisi kumtafuta mwigizaji mwingine avae vazi lile, kwa kuwa vitabu vya katuni vina njia elfu za kueleza mambo kama hayo, na wako wapenzi waliotaka iwe hivyo. Walioitengeneza filamu ya 2022 waliamua T'Challa afe kama mwigizaji wake alivyokufa, kwa ugonjwa, nje ya macho ya watu. Nembo ya studio mwanzoni inapita bila muziki wowote, picha za Boseman peke yake zikiwa ndani yake. Mazishi yanafanywa kwa nguo nyeupe. Na mstari unaoishikilia filamu nzima, chini ya vita vyote vya majini ambavyo kwa kweli vimerefushwa mno, ni kwamba dada wa marehemu anakataa kuichoma nguo yake ya msiba mwaka mmoja ulipotimia, na anaichoma mwishoni kabisa, akiwa amekaa peke yake ufukweni. Mtu yeyote aliyekulia mahali ambapo matanga yana siku yake ya kuanuliwa hahitaji kuelezwa anachokitazama pale. Sijaona filamu nyingine kubwa kama hiyo iliyoutumia muda wake mwingi hivyo kumsindikiza mtu.

Kwa upande wa Fast & Furious, ambayo nimeilaumu hapo juu, haki inanitaka niseme kwamba filamu ya saba ilijua la kufanya. Paul Walker, mmoja wa nyota wake wakuu, alikufa kwa ajali ya gari Novemba 2013 filamu ikiwa haijakamilika, wadogo zake wawili wakasimama mahali pake na sura yake ikamaliziwa kwa kompyuta, na mwisho wake magari mawili yanakwenda sambamba mpaka barabara inapogawanyika. Hapo kompyuta ilitumika kumaliza alichokuwa amekianza mwenyewe, na ndugu zake wakiwepo. Naiona tofauti na Star Wars ya 2016 iliyomtengeneza upya Peter Cushing, mwigizaji aliyefariki 1994, akapewa maneno na matendo ambayo hakuwahi kuulizwa kama angependa kuyaigiza.

Juzi nilikuwa Kabwe, jijini Mbeya, kwa kijana anayeniwekea filamu kwenye flashi. Ana kompyuta mbili, orodha ndefu iliyoandikwa kwa mkono na subira kubwa kwa wateja wasiojua wanachokitaka. Akaniambia kwamba inaandaliwa Prison Break nyingine, yenye gereza jipya na watu wapya, akiwa na hakika kwamba mtu wa rika langu ataichukua siku ileile itakapofika. Nikamwuliza kama Michael yumo. Akasema hajui, lakini kwa wanavyopenda watu lazima watamtia. Nikamwambia kama watu ni wapya, wawe na makosa yao wenyewe, ndugu zao wa kuwafia na makaburi yao, aniwekee msimu mzima na bei nitalipa bila kubishana. Lakini kabla hajaniwekea, avipitie yeye kwanza, na akimwona Scofield anaingia kwa mlango wowote ule, anipigie simu nisifunge safari.